Mama wa Malaba anauliza: kesi za wakubwa zinafia wapi?

Swali lenyewe nimelifupisha hivi: "Wakili, mimi nina kibanda cha chakula hapa Malaba karibu na maegesho ya malori. Kwa TV naona waziri anashushwa kwa gari la magereza, mwezi haujaisha namuona tena yuko kwenye harusi anatoa hotuba. Lakini kijana wa jirani yangu alikamatwa na vipande viwili vya pembe ya ndovu, tena vya mtu mwingine, yuko remandi mpaka leo. Naambiwa huko nje wakubwa wa magenge wanafungwa kweli. Wao wanawezaje na sisi kwa nini hatuwezi? La pili, madereva wanakula kwangu wakiongea, kuna mambo nimesikia na mengine nimeyaona kwa macho kuhusu mzigo fulani. Nikisema nitalindwa?"

Mama, habari ya Malaba. Hili swali lako la pili ndilo limenifanya niandike leo usiku na nisingoje wiki ijayo, lakini nitaanza na lile la kwanza kwa sababu ukilielewa hilo la pili utalijibu nusu wewe mwenyewe.

Watu wengi ukiwauliza watakwambia majaji wananunuliwa, basi, habari imeisha. Rushwa kortini ipo na sitaifunika hapa. Ila mimi nilikaa miaka kumi na moja upande wa mashtaka kabla sijafungua ofisi yangu, na kesi nyingi za watu wazito nilizoona zikifa zilikufa kabla jaji hajafungua mdomo, zilifia polisi, zilifia kwenye stoo ya vielelezo, zilifia nyumbani kwa shahidi saa tatu ya usiku simu ilipolia. Siku faili linafika mbele ya jaji lishakuwa maganda, na jaji hata angekuwa malaika hawezi kumfunga mtu kwa maganda.

Kwanza hili la beili, yaani dhamana, maana linachanganya watu sana. Mtu kuachiwa kwa beili hajashinda kesi, kesi bado ipo. Katiba yetu ya Uganda ibara ya 23 inampa kila mshtakiwa haki ya kuomba beili, na ibara ya 28 inasema mtu hana hatia mpaka korti imtie hatiani au akiri mwenyewe. Tena kuna hesabu ya siku: kama kosa ni lile ambalo hata mahakama ya chini inaweza kulisikiliza, mtu akikaa remandi siku 60 kesi haijaanza kusikilizwa lazima aachiwe kwa masharti, na kwa makosa ya High Court, yaani mahakama kuu, peke yake ni siku 180 kabla hajapelekwa huko. Haki hiyo anayo waziri na anayo kijana wa jirani yako. Tofauti ni kwamba waziri siku ya kwanza tu anakuja na mawakili watano na wadhamini wenye hati za ardhi na barua za LC, baraza la mtaa, zimepigwa mihuri yote, na huyo kijana hana hata mtu wa kumwambia siku zake zimefika. Kwa hiyo mama, kabla hujasoma mbele, mwambie mama yake ahesabu siku tangu alipopelekwa kortini mara ya kwanza, aandike na namba ya kesi, aende ofisi yoyote ya msaada wa sheria wa bure aulize. Kosa la wanyamapori linasikilizwa hata na mahakama ya chini kwa hiyo hesabu yake ni ile ya 60.

Sasa, si kweli kwamba hapa kwetu hakuna mkubwa anayefungwa. Yale mabati ya Karamoja, kule kaskazini mashariki mwa nchi, unayakumbuka, yalinunuliwa kwa ajili ya watu wa Karamoja, wakiwemo vijana walioacha bunduki na wizi wa ng'ombe, halafu yakaonekana kwenye majengo ya watu ambao hata Moroto hawajawahi kulala. Aprili 2023 mawaziri watatu walifikishwa kwenye korti ya kupambana na rushwa, Mary Goretti Kitutu, Amos Lugoloobi na Agnes Nandutu. Miaka miwili baadaye, Aprili 2025, Nandutu alitiwa hatiani kwa mabati 2,000 na akapewa miaka 4. Hao wengine wawili mimi siwasemei, hiyo ni kazi ya korti. Lakini angalia vile mashtaka ya Nandutu yalivyoandikwa maana hapo ndipo kuna somo. Hawakumshtaki kwamba ameiba. Wangemshtaki wizi wangebidi waonyeshe nani alitoa amri, nani alifungua stoo, nani alipanga na nani, na hapo mawakili wangecheza miaka kumi. Walimshtaki kwa kupokea na kushughulika na mali akiwa na sababu ya kuamini imetokana na uhalifu. Kosa hilo limo kwenye sheria yetu ya kupambana na rushwa. Na bati lenyewe lilikuwa limeandikwa Ofisi ya Waziri Mkuu. Bati halipigiwi simu usiku, halisahau, halihami nyumba.

Mashtaka madogo yenye ushahidi mgumu yanafunga watu ambao mashtaka makubwa yenye ushahidi laini yanawaachia. Jambo hili ni la zamani. Al Capone, bosi wa genge la Chicago, kila mtu alijua ni nani, mauaji ya siku ya wapendanao Februari 1929 watu 7 walipigwa risasi ukutani, hakuna hata mmoja aliyewahi kutiwa hatiani kwa mauaji hayo. Waliomfunga walikuwa watu wa kodi. Walipata vitabu vya hesabu vya nyumba yake ya kamari, wakamtafuta karani aliyeandika vile vitabu mpaka wakampata, akakubali kusimama kortini. Jaji akasikia kwamba wale wazee wa baraza, raia wanaoamua hatia, wameshafikiwa na pesa, na asubuhi ya kesi akawabadilisha wote na wa korti nyingine palepale. Oktoba 1931, miaka 11 jela, kwa kutolipa kodi. Sisi hapa tunapenda mashtaka yenye majina makubwa, kuhujumu nchi, kula njama, yanasikika vizuri kwenye taarifa ya saa tatu, halafu unafungua faili unakuta kurasa nane na picha mbili.

Kesi ambayo mimi nawaambia vijana wanaosoma sheria waisome mpaka waikariri ni ya Palermo, kule Italia kwenye kisiwa cha Sicily. Mafia walikuwa wameshika kila kitu, ujenzi, soko, siasa, na kwa miaka mingi majaji walikuwa wanasema mafia haipo ni hadithi za watu. Mwaka 1982 waliuliwa watu wawili wakubwa, mbunge Pio La Torre mwezi wa nne na jenerali Carlo Alberto Dalla Chiesa mwezi wa tisa, na ndipo bunge likapitisha sheria ambayo La Torre mwenyewe alikuwa anaipigania. Sheria ilisema mambo mawili: kuwa tu mwanachama wa genge la namna hiyo ni kosa, na mali ya genge inaweza kuchukuliwa na serikali. Hilo la pili ndilo liliwauma. Mtu wa genge jela anaizoea, akitoka anakuta nyumba zake na mashamba yake na heshima yake, lakini ukimchukulia nyumba aliyojengea mama yake umemgusa.

Halafu wakamtumia mtu wa ndani. Giovanni Falcone, hakimu mpelelezi, alikuwa na tabia ya kufuata hundi za benki moja moja, anakaa na makaratasi mpaka usiku, na 1984 akapata Tommaso Buscetta aliyerudishwa kutoka Brazil. Buscetta alikuwa mmoja wao kabisa, wenzake walikuwa wamemuulia watoto wake wawili wa kiume, akaamua kuongea. Aliongea wiki na wiki, Falcone anaandika kwa mkono wake, kisha, na hapa ndipo pa kuangalia, kila alichosema wakakitafutia karatasi, tiketi ya ndege, hundi, jina kwenye kitabu cha hoteli, maana neno la jambazi peke yake halitoshi kumfunga jambazi mwenzake. Kesi ikaanza Februari 1986, washtakiwa 475, wakajenga jumba la korti la zege pembeni ya gereza la Ucciardone ili mtu asiweze kulipiga bomu, washtakiwa wanakaa kwenye vizimba vya chuma ukutani. Wakaweka na majaji wa akiba, ili mmoja akiuliwa au akiugua kesi isianze upya. Fikiria nchi ikae ipange kabisa kwamba jaji anaweza kuuliwa na kesi iendelee! Desemba 1987 zaidi ya watu 300 walitiwa hatiani, 19 kati yao kifungo cha maisha. Na wengine zaidi ya mia wakaachiwa, kwa sababu ilikuwa korti kweli.

Usidhani iliishia hapo kwa furaha. Januari 1992 mahakama ya juu kabisa ilithibitisha hukumu, na tarehe 23 Mei mwaka huohuo Falcone akalipuliwa barabarani na mke wake na walinzi watatu, siku 57 baadaye mwenzake Paolo Borsellino akalipuliwa mbele ya nyumba ya mama yake na walinzi watano. Nakutajia hayo kwa sababu wewe umeniuliza "wao wanawezaje" kana kwamba wao wana kitu cha bure. Walilipa. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba walipouliwa hawa, nchi haikuifunga ile kazi, na Januari iliyofuata bosi mwenyewe Totò Riina akakamatwa baada ya kujificha zaidi ya miaka 20.

Sasa turudi huku kwetu, tena njia yako hiyohiyo ya malori. Mombasa kulikuwa na familia ya Akasha, baba yao aliuliwa Amsterdam mwaka 2000, watoto wakaendeleza. Baktash na Ibrahim Akasha walikamatwa Novemba 2014 kwa mtego: watu waliojifanya wanunuzi wa madawa kutoka Colombia walikuwa wakifanya kazi ya Wamarekani, mazungumzo yote yalirekodiwa, na kilo 99 za heroini zikapelekwa kweli. Hapo ungesema kesi imeisha. Lakini maombi ya kuwapeleka Marekani yalizunguka kwenye korti za Kenya zaidi ya miaka miwili, ahirisha, ahirisha, hakimu hayupo, wakili anaumwa, mpaka Januari 2017 wakapakiwa kwenye ndege. New York wakakiri makosa, na katika waliyokiri ni kwamba kule nyumbani walikuwa wanatoa hongo kwa polisi, waendesha mashtaka na majaji ili mambo yachelewe. Baktash akapata miaka 25 na Ibrahim 23. Angalia walichonunua kwa pesa yao: kuchelewa. Hawakuhitaji hukumu ya ushindi, walihitaji kesho tu, na kesho nyingine. Kwa hiyo ukiona kesi ya mtu mzito imetajwa kortini mara ya kumi na nne na haijasikilizwa shahidi hata mmoja, usiseme "bado inaendelea", hapo ndipo inapofia.

Na sasa jambo linalokugusa wewe, mama, la pembe. Februari 2017 hapa Kampala walikamata pembe za ndovu zaidi ya tani moja, na mtu aliyekamatwa alikuwa Moazu Kromah, mtu wa Afrika Magharibi aliyekuwa akiishi Uganda. Alishtakiwa hapa, akatoka kwa beili, kesi ikakaa, 2018 ikapita. Kumbe Wamarekani walikuwa na faili lao, wanunuzi wao wa siri walikuwa wanaagiza pembe za kifaru na zinatumwa zimefichwa ndani ya vinyago na sanamu za mbao, na pesa inapita kwenye mabenki, karatasi zote zipo. Juni 2019 akakamatwa tena hapahapa na kupelekwa New York. Kwa mujibu wa mashtaka genge hilo lilisafirisha au lilikubaliana kusafirisha angalau kilo 190 za pembe za kifaru na angalau tani 10 za pembe za ndovu. Alikiri, na Agosti 2022 akapewa miezi 63. Miaka mitano na kidogo.

Oktoba mwaka huohuo wa 2022, korti yetu ya wanyamapori Kampala ilimhukumu mzee wa miaka 62 kifungo cha maisha kwa pembe za ndovu, kilo tisa na nusu hivi. Alikuwa na kosa la namna hiyo la nyuma, ni kweli, na sheria yetu ya 2019 inaruhusu kifungo cha maisha, hakimu hakuvunja sheria. Lakini mimi nilikaa na hizo namba mbili mezani kwangu nikaziangalia kwa muda mrefu. Tani kumi, miezi 63. Kilo tisa na nusu, maisha. Mbebaji na mwenye mzigo. Jirani yako yule kijana amesimama upande wa mbebaji, na swali ambalo wakili wake anatakiwa kupiga kelele nalo ni hili: mzigo ulikuwa unaenda kwa nani, simu yake ilikuwa inaongea na nani wiki ile, na kwa nini hakuna aliyeuliza? Tangu 2016 tuna kanuni za makubaliano ya kukiri kosa, mshtakiwa anaweza kukaa na mwendesha mashtaka, akakiri sehemu yake, akasema anachojua, adhabu ikapungua. Mlango huo unafanana na ule ambao Palermo walimpitishia Buscetta. Sisi tunautumia sana kupunguza msongamano wa magereza, watu mia wanakiri kwa siku moja, jambo zuri, lakini kuutumia kupanda ngazi kutoka kwa mbebaji kwenda kwa mwenye mzigo, hiyo bado ni nadra mno na inaniudhi kila nikiifikiria.

Halafu vielelezo. Novemba 2014 pembe zaidi ya tani moja na robo zilipotea kutoka stoo ya serikali yenyewe inayohifadhi wanyamapori. Sina la kuongeza hapo.

Wengine wananiambia hawa wakubwa wapelekwe korti ya jeshi, huko hakuna mchezo. Supreme Court, mahakama yetu ya juu kabisa, ilisema tarehe 31 Januari 2025 kwamba raia hawastahili kushtakiwa huko kwa vile korti ile ilivyo, na miezi michache baadaye bunge likapitisha sheria mpya ya kuwarudisha. Mimi msimamo wangu haujabadilika: genge halivunjwi na korti yenye haraka, linavunjwa na shahidi aliye hai na karatasi isiyopotea.

Shahidi. Hapa nitasema kitu changu mwenyewe. Miaka mingi nyuma nilikuwa na kesi ya mafuta yaliyokuwa yanaibwa kutoka bohari moja, sitaitaja, na nyuma yake kulikuwa na mtu ambaye jina lake mpaka leo watu wanalitaja kwa sauti ya chini. Shahidi wangu alikuwa mwanamke mtunza stoo, alikuwa na daftari lake la pembeni, kila lori ameandika namba na saa na nani alisaini. Daftari zuri kama la mtoto wa shule, mistari imenyooka. Kesi iliahirishwa mara sita. Mara ya kwanza alikuja amevaa gauni lake la kanisani. Mara ya nne alikuja na dada yake, hataki kukaa peke yake kwenye benchi la nje kwa sababu benchi ni hilohilo moja, shahidi na washtakiwa na ndugu zao wote wanakaa hapohapo wanaangaliana. Mara ya sita alipanda kizimbani nikamuuliza hili daftari ni la nani akasema hakumbuki. Nikamuuliza huu mwandiko si wako? Akaniangalia. Akasema hakumbuki. Nilimlaumu kwa mwaka mzima, Mungu anisamehe, mpaka nilipokutana naye sokoni akaniambia tu kwamba walijua darasa anakosomea mtoto wake. Mimi ndiye nilimuita kortini mara sita. Ofisi zetu hazikuwa na hata nauli ya kumhamisha.

Na kama mwendesha mashtaka mwenyewe hayuko salama, mtunza stoo atakuwaje? Joan Kagezi alikuwa anaongoza mashtaka ya mabomu ya Julai 2010, yale ya Kyadondo na Kabalagala hapa Kampala watu wakiangalia fainali ya kombe la dunia, zaidi ya 70 walikufa. Kesi ilikuwa ndiyo imeanza kusikilizwa. Tarehe 30 Machi 2015 jioni alisimamisha gari Kiwatule, mtaa wa Kampala, anunue vitu vya nyumbani, watoto wake wako ndani ya gari, wakaja wawili na pikipiki wakampiga risasi. Wenzake walichukua lile faili wakaendelea, na Mei 2016 Jaji Owiny-Dollo akatoa hukumu, 7 walitiwa hatiani kwa ugaidi, 5 hawakupatikana na hatia yoyote. Mimi kila nikisikia mtu anasema Uganda haiwezi, hiyo kesi ndiyo namtajia, iliwezekana, na mwanamke mmoja alilipia. Wa kwanza kuhukumiwa kwa kifo chake alikuja kupatikana baada ya miaka kumi, 2025, alikiri akapewa miaka 35.

Sasa swali lako la pili, nikisema nitalindwa?

Nitakujibu kama ningemjibu mama yangu. Tuna sheria ya 2010 ya kuwalinda wanaotoa taarifa za uovu. Inakulinda hivi: ukitoa taarifa kwa nia njema, unaamini ni kweli, na umeipeleka kwa ofisi inayotajwa na sheria, huwezi kushtakiwa kwa kuitoa, si kwa jinai wala madai. Ofisi zenyewe ni kama IGG (mkaguzi mkuu wa serikali), DPP (mkurugenzi wa mashtaka), tume ya haki za binadamu, polisi, hata ofisi ya RDC, mwakilishi wa rais wilayani, imo. Atakayetoboa jina lako anatenda kosa na anaweza kufungwa mpaka miaka 5. Na kama taarifa yako imesababisha pesa kurudishwa, kuna asilimia 5 yako. Lakini sheria hiyo haikupi nyumba nyingine, haikupi mlinzi, haihamishi watoto shule. Mambo hayo yangetoka kwenye sheria ya kulinda mashahidi, ambayo imezungumzwa nchi hii mpaka watu wamezeeka wakiizungumza. Ofisi ya DPP ina kitengo cha mashahidi na kuna watu wanafanya kazi kwa moyo pale, lakini usitegemee ulichosikia kwamba wanakufanyia yale ya Marekani ya kupewa jina jipya.

Kwa hiyo gawanya ulichonacho mara mbili. Ulichosikia kwa madereva wakila, hicho kortini hakina uzito wowote kutoka mdomoni mwako, ni maneno ya mtu mwingine, lakini kwa mpelelezi kina thamani kubwa kwa sababu kinamwambia wapi pa kuchimba, na hicho unaweza kukitoa bila jina lako kuonekana popote. Ulichokiona kwa macho ni ushahidi, na siku moja wanaweza kukuita ukiseme mbele ya mwenyewe. Hapo ndipo uamuzi ulipo, na hakuna mtu, hata mimi, wa kukusukuma. Ukimpelekea mpelelezi makini namba ya lori na tarehe, anaweza kwenda mwenyewe kwenye rekodi za forodha, mizani, kamera, simu, akajenga kesi yake isiyokuhitaji kabisa. Hiyo ndiyo ninayoiombea kwako. Mwambie wazi tangu siku ya kwanza: mimi natoa habari, sitoi ushahidi. Ana haki ya kukuomba ubadilishe mawazo, hana haki ya kukudanganya.

Usiandike hayo mambo kwenye WhatsApp, hata kwa dada yako. Usipige picha ya lori ukiwa umesimama mlangoni kwako. Usimuulize dereva maswali ambayo hukuwa unamuuliza zamani, wale watu wanasikia mabadiliko ya sauti haraka kuliko polisi. Andika kwenye karatasi, tarehe na saa na namba, usiweke jina la mtu, na karatasi isikae kibandani. Usimwambie chairman wa LC hata kama ni mtu mwema maana mtu mwema naye ana mke na marafiki. Na usipeleke kituo cha hapohapo mpakani, si kwamba wote ni wabaya, ila pale unajulikana, ukiingia mlangoni saa nne, saa sita soko zima linajua mama wa chakula ameenda polisi.

Kama umeamua kwenda, nenda Kampala moja kwa moja kwa IGG au DPP. Chagua siku ambayo una sababu nyingine ya kusafiri, msiba, hospitali, bidhaa. Usipande boda wa steji yako. Acha kibanda kimefunguliwa na binti anapika kama kawaida, na jioni uwe umerudi unawauzia chai.